Mboga ya Kesho ni ya Nani?

Wazee walisema: akiba haiozi. Lakini kila mama wa Bunia mwenye bustani nyuma ya nyumba anajua ya kuwa neno hilo halikusemwa juu ya lengalenga. Lengalenga iliyochumwa asubuhi, jioni imelala; kesho yake imeanza kuwa manjano; siku ya tatu ni ya mbuzi. Matembele ni vile vile, majani ya kunde vile vile, na nyanya usiseme. Mboga haina subira. Inakuja yote mara moja, na inakwenda yote mara moja.

Ni juu ya mboga ile inayozidi ndiyo tunataka kuandika hapa. Watu wanaoandika juu ya mila hupenda kuandika juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto na ngoma za mavuno. Mboga ya kukausha inaonekana kuwa jambo dogo, jambo la jikoni, na wanaume wengi wa mji hawajui hata lungo limewekwa wapi. Sisi pia tulifikiri hivyo. Lakini tulipoanza kuulizana sisi kwa sisi, tuliona kwamba ndani ya lile lungo la majani kuna swali ambalo limewasumbua watu wenye akili tangu zamani: kitu kilichozidi kwangu leo ni cha nani? Ni changu cha kesho, ao ni cha jirani cha leo?

Tuseme kwanza namna kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu watoto waliozaliwa mjini hawaijui tena. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1200 kutoka usawa wa bahari, na jua letu si kama lile la chini kandokando ya Ziwa Albert, kule Kasenyi na Tchomia, wanakoanika samaki. Mvua inanyesha sana kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja. Kisha kinakuja kiangazi, mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili, na hapo fungu la mboga sokoni linakuwa dogo kama ngumi ya mtoto, na bei haishuki. Kwa hiyo kazi yote ya kukausha ni hii: kubeba mboga ya mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa pili.

Kunde ndiyo mwalimu mzuri. Unachuma majani machanga, yasiyo na madoa wala matundu ya wadudu. Unayaosha, unayatia katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, muda mfupi tu, si kwa kuyapika bali kwa kuyaua, kama mama zetu wanavyosema. Unayatoa, yanachuruzika, unayatandaza juu ya lungo ao mukeka, yasilaliane. Halafu unayaweka penye upepo na kivuli. Wengi wanakosea hapa: wanaanika kwenye jua kali juu ya bati, majani yanakauka upesi, yanakuwa ya rangi ya nyasi, na ile vitamini A ambayo macho ya watoto yanaihitaji inaungua. Kivulini inachukua siku mbili ao tatu, na kila jioni lungo linaingia nyumbani kabla ya umande. Ukisaga jani kati ya vidole na likalia, limekwisha. Kama linajikunja tu bila kuvunjika, maji yangali ndani, na ukungu utakuja. Kwa kilo 10 za majani mabichi utapata kilo 1 hivi, pengine kidogo kuliko hapo, maana jani karibu lote ni maji. Mtu asiyejua anasikitika kuona beseni nzima imekuwa konzi moja. Anayejua anaona ya kuwa amebeba beseni nzima katika konzi moja.

Gombo, ile wengine wanaita dongodongo ao bamia, inakatwa vipande vyembamba, inakauka, inatwangwa unga. Uyoga unakauka upesi. Pilipili haina shida. Zamani vitu hivi vilikaa katika nyungu ao kibuyu, juu ya uchaga ulio juu ya moto, ili moshi ufukuze wadudu. Leo ni bido ya plastiki yenye kifuniko kizuri. Wakati wa kupika, unaloweka, unachemsha, unatia karanga iliyosagwa, na bugali inashuka yenyewe. Tena tuonye: kitu kilichoota ukungu kitupwe. Kwa mahindi na karanga ukungu unaweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini, ambayo inaharibu ini na haiishi kwa kupikwa. Akiba iliyooza si akiba, hata ikioshwa mara saba.

Jambo hili si la Ituri peke yake. Wagogo wa Dodoma wanakausha mlenda na kuutwanga unga. Wasukuma wana michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza. Wateso wa Uganda wanaita viazi vyao vikavu amukeke. Kila fasi yenye kiangazi kirefu, mama fulani alikaa akafikiri.

Sasa swali lenyewe. Kuna watu kati yetu wanaosema ya kuwa kukausha si desturi nzuri hata kidogo, ni tamaa iliyovaa nguo ya hekima. Hoja yao ni hii: zamani mboga ikizidi, mtoto alitumwa kwa jirani na beseni. Wiki nyingine mtoto wa jirani alikuja na beseni yake. Hakuna aliyehesabu, na hakuna aliyeficha. Aliyempa jirani alikuwa ameweka akiba yake ndani ya tumbo la jirani, na akiba hiyo haiwezi kuota ukungu wala kuliwa na panya. Yule anayekausha, wanasema, amemwambia jirani bila kufungua kinywa: mimi sina haja nawe.

Hoja hii ina nguvu, na tusiicheke. Lakini ina tundu moja. Mwezi wa kumi na moja, lengalenga ikinizidi mimi, imemzidi jirani pia. Mvua ilitunyeshea wote. Nikimpelekea beseni, atanishukuru kwa adabu, na usiku atawapa mbuzi. Mwezi wa pili, nikiwa sina, naye hana. Kugawana kunamsaidia mtu aliyepatwa na shida peke yake: mbuzi wamekula bustani yake, amelazwa hospitali, amefiwa. Lakini shida inayompata kila mtu kwa wakati mmoja, kama kiangazi, haiponywi kwa kugawana. Inaponywa kwa kuweka. Kwa hiyo mila hizi mbili hazikuwa adui. Kila moja ilikuwa na ugonjwa wake wa kutibu. Kosa letu ni kutaka dawa moja iponye yote.

Mwanafilosofia mmoja Mwingereza, John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1689 juu ya utawala, alilitazama jambo hili karibu kama mama wa sokoni. Alisema mtu anaweza kuchukua matunda ya dunia kadiri anavyoweza kuyatumia kabla hayajaoza. Yakimwozea mikononi, amechukua fungu la wengine. Lakini akibadilisha matunda yanayooza kwa wiki moja na njugu zinazokaa mwaka mzima, hakumwibia mtu, maana hakuna kilichoharibika. Kwa kanuni hiyo, mama anayekausha kunde yuko upande wa haki, na yule anayeacha nyanya zioze shambani kwa uvivu ndiye mwizi. Tunaipenda kanuni hii. Tatizo ni kwamba Locke hakusimama kwenye njugu. Aliendelea mpaka kwenye dhahabu na feza, vitu ambavyo haviozi kamwe, na kumbe mlango ukawa wazi: mtu anaweza kulimbikiza bila mwisho na aseme hakuna kilichooza. Sisi wa Ituri, wenye Mongbwalu na machimbo ya Kilo-Moto, hatuhitaji kuelezwa dhahabu isiyooza imefanya nini kati ya watu.

Tuna pia shule nyingine karibu zaidi, ambayo watu wa Bunia hawataki kuisoma. Kule Mambasa, msituni, Wambuti wameishi kwa mila iliyo kinyume kabisa. Nyama iliyopatikana kwa nyavu inagawanywa siku ileile, asali vile vile, na kesho ni ya kesho. James Woodburn, mtaalamu aliyekaa na Wahadza wa Tanzania, aliandika mwaka 1982 kwamba Wahadza, Wambuti na wengine wachache kama wao hawana mtu anayemtawala mwenzake, na sababu moja kubwa ni kwamba hawaweki. Asiyeweka hana cha kumtisha mwenzake, wala cha kumkopesha, wala cha kumfanya amngojee mlangoni. Mtu wa mji akisikia hayo anacheka, anasema wale hawajui kesho. Sisi tunasema wanajua jambo moja ambalo tumelisahau: ghala ya kwanza, siku ilipojengwa, ilikuwa na mlango, na mlango una mwenyewe. Hata hivyo tusiseme uongo kwa kuwasifu. Msitu wenyewe ulikuwa ghala yao, na tena walibadilishana nyama na ndizi na muhogo wa wakulima walio jirani, ambao wao walikuwa wanaweka. Msitu ukikatwa, ile mila ya kutoweka haina tena mahali pa kusimama.

Na kwa wale wanaopenda kujibu kila kitu kwa Maandiko, tunawakumbusha kwamba Maandiko hayajibu kwa neno moja. Mana ya jangwani, iliyowekwa mpaka asubuhi, iliota mabuu na kunuka. Lakini ile ya kuamkia Sabato iliwekwa na haikuharibika. Yusufu alisifiwa kwa kuweka sehemu ya tano ya mavuno ya Misri katika miaka saba ya shibe. Lakini msome mpaka mwisho, sura ya 47 ya Mwanzo, ambayo haihubiriwi sana: njaa ilipokuja, aliwauzia watu nafaka kwa feza yao, kisha kwa mifugo yao, kisha kwa mashamba yao, mpaka wakawa watumwa wa Farao. Ile akiba iliokoa maisha ya watu na ikala uhuru wao. Ndugu zetu Waislamu wana jambo linalotufaa zaidi. Mwaka mmoja wa taabu, maskini walipokuja Madina, Mtume alikataza watu kuweka nyama ya kuchinja zaidi ya siku tatu. Shida ile ilipopita, aliruhusu tena: kuleni, toeni, wekeni. Yaani kuweka si dhambi wala si fadhila kwa chenyewe. Swali ni nani amefika mjini.

Na huku kwetu watu wamefika mjini mara nyingi. Mwezi wa tano wa mwaka 2003, wakati wa mapigano ya Bunia, maelfu ya watu walilala karibu na uwanja wa ndege na karibu na kambi ya MONUC, na waliotoka nyumbani na nyungu ya kunde kavu tunafikiri ni wachache. Kuanzia mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018, vijiji vya Djugu vilipoungua tena, watu walimiminika Bunia, wengine chini ya bashi karibu na Hospitali Kuu, wengine katika nyumba za ndugu; wengine wengi walivuka ziwa kwenda Uganda. Hapo ndipo mambo yote mawili, kuweka na kugawana, yalipimwa mbele ya macho yetu.

Tunamjua mama mmoja wa kartie moja ya mji. Mwezi wa kumi na moja 2017 alikausha kunde, malungo mengi, na uyoga kidogo. Mwezi wa pili, nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa na watu kumi na wanne, ndugu wa mume na ndugu za ndugu. Akafungua bido. Katika parseli ya karibu, mama mwingine naye alikuwa amepokea wageni, lakini hakuwa na bido. Mtu anaweza kuficha mboga kavu. Harufu yake ikichemka na karanga haifichiki. Jirani akaja jioni na sahani, akauliza kwa upole: "Mama, ile majani iko bado?" Akajibiwa: "Imeisha." Haikuwa imeisha. Watoto, ambao hawana siri, walisema yote kesho yake kwenye bomba la maji. Tangu siku ile mama hao wawili hawakusalimiana.

Tulileta kisa hiki katika mkutano wetu, bila majina, na tulikaa nacho mpaka giza. Mwalimu mmoja kijana alisema mama yule hakuwa na deni. Mwezi wa kumi na moja alikuwa amemwita jirani wakaushe pamoja, na jirani alicheka, akasema ile ni chakula ya wazee, chakula ya vita, yeye ananunua nyanya ya kopo. (Hapo tuseme pembeni: dharau hii kwa mboga kavu ni ugonjwa wa mji. Kopo la nyanya ni nini kama si mboga iliyowekwa na mtu mwingine, mbali, nasi tukalipia?) Aliyefanya kazi, akasema mwalimu, ale kazi yake. Mwingine alimjibu kwa methali inayojulikana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa, lakini wale wageni wa jirani, jembe watalima wapi? Shamba lao liko kule walikokimbia. Na ni wao waliokuwa na njaa, si yule aliyecheka.

Koko mmoja aliyekuwa kimya muda mrefu ndiye aliyetugeuza. Alisema: nyinyi mnazungumza juu ya bido, mimi nazungumza juu ya lile neno "imeisha." Zamani, akasema, "imeisha" haikuwa uongo. Ilikuwa namna ya adabu ya kusema "siwezi," na aliyeambiwa alielewa, akarudi bila haya. Hakuna aliyechungulia nyunguni. Neno lile liliharibika siku watoto walipolipeleka bombani. Alisema tena: kwao, majani ya kwanza ya mvua yaligawanywa mabichi, na kilichobaki baada ya kugawanywa ndicho kilichokaushwa. Kwa hiyo mtu mwenye nyungu alikuwa amekwisha kutoa kabla ya kuweka. Mwezi wa pili jirani hakuja na sahani tupu kudai. Alikuja akijua amekwisha kupewa, na kama anapewa tena ni upendo, si haki.

Sisi tunaona hapa kuna kitu. Utaratibu wa mambo ndio unaotenganisha akiba na choyo: kutoa kibichi kwanza, kukausha kwa wazi, lungo likiwa mahali watu wanapopita na kuliona, na kumwita asiyejua ajifunze. Mama wa kisa chetu alifanya karibu yote haya, na tunamtetea kwa hayo. Lakini hatuwezi kumtetea mpaka mwisho. Njaa ya mwaka 2018 haikuwa kiangazi cha kawaida, ambacho kila mtu anakijua kwa tarehe na anaweza kujitayarisha. Mtu aliyekimbia Djugu usiku hakuwa mvivu wa mwezi wa kumi na moja. Kwake yeye ile hesabu ya nani alikausha na nani alicheka haimhusu, na konzi moja ya kunde isingewaangusha wale kumi na wanne.

Wengine kati yetu walikataa. Wanasema konzi moja ni rahisi kwenye karatasi. Leo ni jirani wa kuume, kesho wa kushoto, kesho kutwa kartie nzima, na mwenye bido anabaki na kifuniko. Wanajua wanachosema, maana walikuwa katika nyumba za namna hiyo. Nasi hatuna la kuwajibu isipokuwa hili: katika vita vya kwetu tuliona maghala yakiporwa na nyumba zikiungua pamoja na nyungu zao juu ya uchaga. Watu waliokuwa na vingi walikimbia na nguo za mwilini kama wengine. Kilichowapokea walikofika hakikuwa bido yao. Alikuwa ni mtu fulani aliyekumbuka beseni fulani ya matembele, miaka iliyopita, akasogea kitandani ili wapate kulala.

Juu ya mbegu, hakuna aliyebishana. Kunde ya mbegu haiombwi ili kupikwa wala haitolewi ili kupikwa, hata kwa mgeni. Inatolewa ili kupandwa tu. Mila zote tulizouliza katika chama chetu zinakubaliana juu ya hilo.

Wale mama wawili wangali wanakaa parseli kwa parseli. Mvua iliporudi, yule wa sahani alituma mtoto kuomba mbegu ya kunde, na mtoto alirudi na kikombe kimejaa. Siku ya kuchuma, lungo lilionekana pia juu ya paa la pili. Kusalimiana bado.